Mbele ya Bakuli Lisilokuwepo

Sisi watu wa noh, mchezo wa kale wa vinyago wa Kijapani, tuna mazoea ambayo wengine huyaona wazimu. Mchezo tunaujaribu pamoja mara moja tu, siku chache kabla ya kuonyeshwa, tena bila vinyago wala mavazi, kisha kila mtu anarudi kwake. Mpiga ngoma anamjua mpiga filimbi kwa kumsikiliza, si kwa kuzoeana naye. Mkizoeana sana, mwalimu wetu alikuwa akisema, mtaanza kuoneana huruma, na jukwaani huruma ni uchafu. Kwa michezo ya zamani utaratibu huo hauna taabu, maana kila mtu ameimeza tangu utoto. Mchezo ukiwa mpya, jaribio lile moja hugeuka baraza la ugomvi.

Na huu ulikuwa mpya. Aliuandika Profesa Kuratomi wa hapa Kanazawa, mtu mwema, mwenye sauti ya kufundisha hata anapoomba apitishiwe chumvi. Aliutoa katika desturi ya chai, ile ya kumkorogea mgeni chai ya unga kwa taratibu maalumu. Mtawa msafiri ananaswa na theluji, anapiga hodi kwenye kibanda, bibi mmoja anamkaribisha. Kumbe bibi ni marehemu wa zamani. Alimwandalia chai mgeni aliyekwenda vitani na hakurudi, na tangu siku hiyo roho yake haijatulia. Inakoroga chai na kuiweka, inakoroga na kuiweka, na hakuna wa kuipokea. Mtawa akiipokea, bibi anacheza mara ya mwisho na kwenda zake. Ndiyo hadithi yote. Noh haina mambo mengi.

Bibi alichezwa na Murai Tadasuke. Mimi na yeye tulikulia chini ya mwalimu mmoja. Nilimtangulia kidogo kuingia, basi ananiita Kaka mpaka leo, ingawa jukwaani aliniacha zamani nikabaki nakula vumbi lake. Nasema hivyo bila kijicho. Haya, kijicho kidogo kipo.

Mimi kazi yangu katika mchezo huu ilikuwa kukaa nyuma. Unavaa nguo nyeusi, unakaa kwenye kona ya nyuma ya jukwaa kana kwamba hupo, unamnyooshea mchezaji pindo la vazi, unamnong'oneza neno likimpotea. Na akianguka au akishindwa kuendelea, unainuka na kuushika mchezo palepale alipouacha, mpaka mwisho. Hatusimamishi mchezo, wala hatuna pazia la kuteremsha tukajifiche. Ndiyo maana nyuma anakalishwa mtu mzima anayeujua mchezo wote.

Mkewe Tadasuke, Hisae, ni mwalimu wa chai. Nusu ya wanawake wa ng'ambo ya mto Asano wamepigishwa magoti na yeye, wakafundishwa kushika bakuli, kuinama, kunyamaza. Tadasuke mwenyewe hakuwahi kukaa kwenye chumba cha chai cha mkewe. Alisema magoti yake ni mali ya jukwaa, na Hisae hakumbembeleza. Mwaka mpya mmoja, kwa mzaha, Hisae alitwambia kwamba amewakorogea chai watu wote wa mji huu, na nyumbani kwake hakuna aliyewahi kumkorogea yeye hata bakuli moja. Wote tulicheka, na Tadasuke alicheka kuliko sisi.

Basi siku ya jaribio Profesa alimwalika Hisae aje kutuangalia tusije tukaaibika mbele ya watu wa chai. Loo, angejua. Ugomvi ulianza kwenye bakuli. Ni lazima niseme kwamba bakuli halikuwepo. Jukwaani kwetu bakuli ni upepeo, sufuria ni upepeo, mwezi ni upepeo. Lakini Hisae hakujali. Bakuli la chai lina mbele yake: mwenyeji humwekea mgeni mbele ya bakuli imwelekee, na mgeni, kwa adabu, huligeuza ili asiinywee pale penye uzuri. Profesa alitaka mbele iwaelekee watazamaji. Alisema watazamaji nao ni wageni. Hisae akamuuliza kama watazamaji ndio walionaswa na theluji. Profesa akasema kwamba kwetu neno ni moja, mbele ya bakuli na mbele ya jukwaa wanakokaa watu, na kwamba hilo haliwezi kuwa bahati tu. Hisae akasema msomi akikosa hoja hukimbilia maneno.

Ikoma, yule wa kucheza mtawa, alikuwa anamenya chenza pembeni. Akasema bakuli lielekee popote, yeye atakunywa, bora lisiwe limepoa. Tadasuke naye akawakumbusha kuwa wanagombania kitu ambacho hakipo.

"Kama halipo," Hisae akamjibu mumewe, "ndipo hasa ujue mbele yake ni wapi. Lililopo, hata mjinga ataligusa."

Hapo mambo yakaisha. Mbele ikabaki ya mtawa, anayekaa upande wa kulia penye nguzo. Profesa akaandika kitu, tukaanza kuvaa makoti.

Wakati wa kuagana Tadasuke alimwinamia Ikoma kwa heshima zote, akamshukuru kwa kazi, akamwombea njia njema. Ikoma alikuwa bado yuko chooni. Aliyeombewa njia njema ni chombo cha miavuli ambacho mtu alikuwa amekivika koti lake. Watu walicheka sana, maana Tadasuke ni mtu wa utani. Yeye naye akacheka, ila alichelewa kidogo. Mimi sikucheka.

Nilimfuata nje. Misonobari ya bustani ilikuwa imeshafungwa kamba kuizuia isivunjwe na theluji, na yeye alikuwa anatembea ameunyoosha mkono mmoja, anazigusa zile kamba moja moja kama mtu anayezikagua.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Alijaribu kujifanya haelewi, kisha akachoka. Ni presha ya macho. Kingo ziliziba kwanza, sasa inakuja katikati. Bila kinyago anajiendea tu, kama mtu aliyemo ndani ya moshi. Akivaa kinyago, basi. Vitundu vya kinyago ni vidogo kama maharagwe mekundu, na sisi sote tunachokiona kupitia pale ni nguzo ya kona ya mbele. Nguzo ile ndiyo macho yetu. Bila hiyo hujui ukingo uko wapi, na chini ya ukingo ni changarawe. Nguzo hiyo Tadasuke hakuiona tena. Mkuu wa shule yetu akipata habari, kesho yake hatamruhusu kugusa jukwaa. Daktari amekwisha kusema kuponya hakuna. Na Hisae, alisema, hajui.

Nilikasirika. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema kifo kije tu, lakini kimpishe kwanza acheze mchezo huu. Michezo mingine yote aliyocheza maishani aliikuta na nyayo za watu wa kabla yake, na kazi yake ilikuwa kukanyaga walipokanyaga. Huu hauna nyayo. Yeye ndiye atakayekanyaga wa kwanza, na wa baada yake watamfuata hata kama hawatamjua. Alisema hicho tu ndicho anachokitaka, acheze mpaka mwisho, mara moja.

"Kaka, nikipotea, usiinuke."

"Ukipotea nitainuka. Ndiyo kazi iliyonikalisha pale."

"Ukiinuka, kila mtu atajua. Nimekwisha."

"Na ukianguka kwenye changarawe utakuwa umekwisha zaidi."

Aligusa kamba nyingine. Kisha akaomba nimtazame vizuri kabla sijainuka, nisiwe na haraka ya sifa. Hilo neno liliniuma, kwa sababu halikuwa uongo wote. Nikamwahidi kutokuwa na haraka. Sikumwambia mtu yeyote, na mpaka leo sijui kama nilifanya vema.

Siku ya mchezo theluji iliamka nasi. Jukwaa letu ni la zamani, watu hukaa chini kwenye mikeka, na mikeka yote ilijaa. Wa chai walikuwa wengi, wametulia kama mitungi. Nikamwona Hisae amekaa mbele, katikati, mstari wa kwanza. Siku zote yeye hukaa pembeni karibu na daraja la kuingilia, pamoja na jamaa wa wachezaji. Nikajisemea, huyu mama amekuja kulinda bakuli lake, hata leo hana msamaha.

Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri kupita nilivyotarajia. Tadasuke alikuja kwenye daraja, miguu haiachi mbao, na alitembea kwa kumbukumbu tu. Sauti za ngoma zilimwambia alipo, na mlio wa ubao mmoja uliolegea karibu na nguzo ya nyuma ulimwambia tena. Nikaanza kupumua.

Nusu ya pili alirudi na kinyago cha bibi marehemu na nywele nyeupe. Akaketi katikati ya jukwaa, akafungua upepeo, akachota maji, akakoroga. Nimemjua mtu huyu tangu sauti yake haijavunjika, na nasema hivi: harufu ya chai niliisikia. Kisha ikabidi ainuke, ageuke kulia, ampelekee mtawa. Akainuka. Akageuka kidogo, akasita. Mpiga ngoma aliona kuna jambo, akaurefusha mwito wake. Tadasuke akageuka tena, akampita mtawa, akaendelea kugeuka, akaenda taratibu mpaka karibu na ukingo wa mbele, akapiga magoti, akaliweka bakuli likiwatazama watazamaji.

Ikoma alikuwa ameshaandaa mikono kule kwenye nguzo yake, kama mtu aliyeona sahani yake inapita kwenda meza nyingine. Akinena maneno yake kutoka kule, kila mtu angejua kwamba bibi kapotea. Akinyamaza, waimbaji waliokaa pembeni hawawezi kuanza, kwa kuwa wao wanaanzia pale chai inapopokelewa. Kwa hiyo kila mtu alinyamaza. Tadasuke alikuwa anangoja, mikono imenyooka, kinyago kimeinama. Alikuwa hajui kama kuna mtu mbele yake.

Nilimtazama vizuri, kama nilivyoahidi. Nikahamishia uzito kwenye vidole vya miguu. Nikainua goti moja, na goti likalia.

Hisae akaweka mikono yake kwenye mkeka, akainama. Akasema yale maneno ambayo kila mgeni husema, ambayo yeye mwenyewe amewakaririsha wanawake wa mji mzima, kwa sauti ileile anayoitumia nyumbani kwake:

"Napokea chai uliyoniandalia."

Akanyoosha mikono. Akachukua bakuli ambalo halikuwepo, akaliweka kwenye kiganja, akaligeuza ili asiinywee mbele yake. Akanywa. Mwishoni akavuta tone la mwisho kwa sauti kidogo, kama inavyotakiwa kumwonyesha mwenyeji kwamba chai imeisha. Katika ukimya ule nilimsikia mpaka kule nyuma.

Kiongozi wa waimbaji si mjinga. Alianza papo hapo. Kinyago cha Tadasuke kilinyanyuka taratibu, na nikaona mabega yake yametulia, kama ya mtu aliyeshika ukuta gizani. Akainuka. Alicheza mpaka ukingoni kabisa, soksi nyeupe ikagusa mwisho wa ubao, akageuka bila wasiwasi, akaenda kulia, akamwinamia mtawa, akarudi kushoto, akaizunguka nguzo ambayo hakuiona. Sijapata kuona mtu akicheza vile, na mimi nimeona wengi. Nililishusha goti langu. Machozi yalikuwa yananitoka, na mtu wa nyuma haruhusiwi kujifuta.

Kwenye chumba cha kioo, tunakovalia vinyago, nilimfungua kamba za kichwani. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Nilisikia goti lako, Kaka," akasema.

Nikamwambia goti ni zee, lina mazungumzo yake. Nikamuuliza alijuaje aendako baada ya pale. Akasema asubuhi, wakati anavaa viatu, Hisae alimwambia hivihivi kwa kupita: leo nitakaa mbele, katikati kabisa. Alidhani mkewe anataka kulisimamia bakuli. Sasa aliposikia sauti yake, akajua mbele ni wapi, na ukishajua mbele, kulia na kushoto na nyuma vinakuja vyenyewe.

Hisae alikuwa amefika mlangoni. Chumba kile wanawake wasiocheza hawaingii, naye hakuingia. Alisimama penye kizingiti na koti lake mkononi.

"Ulijua," Tadasuke akasema.

"Mzee, tangu majani yalipoanza kuanguka unamimina supu mezani. Nijue nini tena?"

Tadasuke alijifuta uso. Kisha akamuuliza kama mtu anayeuliza habari ya kazi: bakuli lilielekea wapi?

"Kwangu," Hisae akasema.

"Basi nilikosea. Chai ilikuwa ya mtawa."

"Miaka yote hii nimengoja ukosee hivyo."

Mimi nilijifanya nakunja kamba. Tadasuke alikigeukia kinyago, akakiinamia kama tunavyofanya kila tukimaliza, lakini hakukirudisha kwenye sanduku lake. Alipapasa mpaka akaipata mikono yangu, akakiweka humo. Akasema mchezo ukirudiwa wakati wa maua, nicheze mimi, na kwamba kwa mkuu wa shule atakwenda mwenyewe, asisubiri kuitwa. Alichokitaka alikuwa amekipata. Nilikuwa na aibu, kwa kuwa kinyago kile nilikitamani tangu siku ya kwanza niliposoma mchezo.

Profesa alitukuta kwenye ukumbi, uso unang'aa. Watu wa magazeti walikuwa wamemwambia kwamba kumtoa mgeni kati ya watazamaji ni jambo la kishujaa. Alitaka kuliandika, libaki hivyo daima: bibi awageukie watu, na kila mara mwanamke mmoja apokee. Alinishika mkono, akaniuliza naonaje. Nikamwambia chai ile ilikuwa na mwenyewe. Hakunielewa, na mimi sikuwa na kazi ya kumweleza. Wakati wa maua nilicheza na chai nikampa mtawa, ilivyoandikwa. Ikoma aliinywa bila wasiwasi. Watu walipiga makofi kwa adabu, na nilijua wote wanamkumbuka mwingine. Haya, ndivyo ilivyo. Nyayo nilizokanyaga zilikuwa zake.

Baada ya hapo Hisae alinialika nyumbani. Nilidhani naitiwa chakula. Nikapelekwa kwenye chumba cha chai, nikaoneshwa nafasi ya mgeni wa pili. Ya mgeni wa kwanza alikaa Hisae mwenyewe. Kisha mlango mdogo ukafunguka, akaingia Tadasuke kwa magoti, anaburuza kidogo, ameshika vyombo.

Alikuwa amefundishwa, hilo lilionekana, na mwalimu wake hakuwa amempa nafuu. Birika la chuma lililia mekoni na yeye alilielekea kwa kulisikiliza. Alimwaga unga wa chai nje, akaufuta kwa kiganja. Alikoroga muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Bakuli lilikuwa jeusi tupu, halina ua wala mchoro. Mbele yake inajulikana kwa kovu dogo la koleo lililolitoa tanurini. Alilizungusha polepole, kidole gumba kinatafuta, kinapita, kinarudi, mpaka kikalipata lile kovu. Akaliweka mkekani kwa uangalifu mkubwa.

Aliliweka vibaya. Mbele ilielekea ukuta, palipo na chombo chenye ua moja la msimu, mbali na tulipokaa. Nilimtazama Hisae, huyu aliyegombana na profesa mzima kwa bakuli la hewa. Nikangoja amsahihishe.

Hisae hakuligusa bakuli. Alijisogeza yeye, kwa magoti, mpaka akafika pale bakuli lilipotazama, akakaa. Akanigeukia, akaniinamia kama mgeni wa kwanza anavyomwinamia anayemfuata.

"Natangulia, Kaka," akasema.

Kisha akaweka mikono chini na kumwambia mumewe kwamba anaipokea chai aliyomwandalia. Alikunywa yote, akavuta na tone la mwisho, mwenyeji asikie. Yangu ilipokuja ilikuwa na madonge.